Mashine ya Kumrudisha Yusto

Benchi la kahawa la Jabiri pale Nyasho, mjini Musoma, lilikuwa mlango zamani, na anayekaa katikati bado anaweza kuhisi tundu la kitasa. Liko kwenye baraza ya duka la vitambaa lililofungwa siku nyingi. Kushoto kwake ipo cherehani ya Hyasinta, na ng'ambo ya barabara lipo duka la Sabiha la redio, televisheni na simu. Wanaokaa hapo kila alasiri hujulikana kwa majina ambayo mama zao hawakuwapa. Jabiri mwenyewe, muuza kahawa, anaitwa Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake hutoka ikiwa na sauti kubwa zaidi. Mugeta, mnunuzi wa samaki wa Mwigobero, anaitwa Mzani. Na Masatu, mwandika mabango, mtu wa maneno machache aliyemaliza kidato cha nne, na anayejua siku aliyozaliwa, kubatizwa na kuzikwa kila mtu wa ukoo wao wa Kiriba, anaitwa Tarehe. Hyasinta hana jina la utani. Aliwahi kupewa moja, na aliyempa alirudishiwa suruali yake ikiwa na mguu mmoja mfupi.

Siku hiyo, mahali ambapo hukaa sinia la vikombe, kulikuwa na boksi la mashine ya gemu.

— Hiki nacho ni kitu gani? Mugeta aliuliza kabla hajakaa.

— Gemu, alisema Masatu.

— Ile ya kuchezea kwenye TV?

— Ndiyo.

— Na wewe umeanza lini kucheza?

— Si yangu.

Jabiri alimmiminia Mugeta kahawa bila kuangalia kikombe. Macho yake yalikuwa kwenye boksi.

— Ni ya Yusto, alisema Jabiri. Yaani, itakuwa ya Yusto tukiridhika nayo. Sabiha kampa Tarehe atuoneshe mpaka yeye atoke kuswali. Kuna mtu wa Bunda yuko njiani, naye anaitaka. Tarehe asipoichukua, jioni hii inapanda Hiace.

Mugeta akakaa. Aliposikia jina la Yusto alipunguza sauti, maana habari ya mtoto huyo wa Masatu ilijulikana benchi zima. Dorah, mke wa Masatu, alifariki miaka miwili nyuma. Baada ya matanga dada yake Dorah, Hilda, alimchukua Yusto kwenda kukaa naye Kisorya, kwa muda, mpaka mtoto atulie. Muda huo haukuwa umeisha. Likizo ya Juni Yusto alikuja Musoma akakaa siku nne kwenye kochi, begi lake likiwa miguuni, na siku ya tano akaomba nauli. Sasa Desemba ilikuwa inakaribia, na asubuhi hiyo Masatu alikuwa amepokea ujumbe wa Hilda, akausoma mpaka akaukariri: "Yusto anasema hajui atakuja kufanya nini huko. Hapa kuna gemu ya Gody." Gody ni mtoto wa Hilda. Masatu hakuujibu ujumbe. Alivuka barabara akaingia dukani kwa Sabiha.

— Toa niipime, alisema Mugeta.

— Upime nini, si samaki hiyo.

— Kitu cha kununua lazima kiwe na uzito. Toa.

Masatu aliitoa mashine kwa mikono miwili, kama anavyotoa kibao ambacho rangi yake haijakauka. Mugeta alikuwa na mzani wake wa ndoano kwenye begi, kama siku zote. Aliazima kikapu cha Hyasinta, akaiweka mashine ndani, akaining'iniza mbele ya macho yake, akasubiri mshale utulie.

— Nyepesi, alisema.

— Nyepesi kuliko nini?

— Kuliko bei yake.

Hyasinta akacheka huku akiendelea kushona.

— Cheka tu, dada yangu. Mimi nimenunua samaki miaka ishirini na miwili.

— Ishirini na mmoja, alisema Masatu. Ulianza mwaka uliooa.

— Ishirini na mmoja, haya. Nimeletewa sangara kajazwa mawe. Nimeletewa sangara kajazwa mchanga. Mmoja nilimpasua nikakuta betri za tochi. Mtu anayetaka kukuibia anaongezaga uzito. Sasa hawa wamepunguza! Ujue kuna kitu wametoa.

— Wametoa nini?

— Ningekuwa najua ningekaa hapa na nyinyi?

Aliigeuza mashine ubavu, akachungulia kwenye matundu ya pembeni.

— Tena ina mashavu kama ya samaki. Oneni. Huku na huku.

— Hapo ndipo inapotolea hewa, alisema Masatu. Ikipata moto inajipoza.

— Kumbe inapumua!

— Inapumua na inakula, alisema Hyasinta. Inakula Luku. Utanunua umeme mpaka uchoke.

Jabiri alikuwa amechuchumaa, anachunguza boksi tupu.

— Mimi sina shida na uzito, alisema. Mimi shida yangu ni hii gundi. Angalieni hapa. Gundi ziko mbili. Ya juu mpya, ya chini ya zamani.

— Ya juu Sabiha aliikata mbele yangu.

— Na ya chini ilikatwa mbele ya nani?

Masatu aliinama kuangalia. Kweli zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Alijihesabu kuwa mtu mwangalifu, na hakupenda kuoneshwa na Jabiri kitu ambacho yeye hakukiona dukani.

— Labda walifungua forodhani, alisema. Si hukaguliwa?

— Wakafungua, wakaona nini? Na waliporudishia, walirudishia kile kile? Kuna bwana Bunda pale alinunua TV. Boksi zuri, picha ya simba. Kafika nyumbani kaita majirani, kafungua: tofali. Tena si la kuchoma. Bichi.

— Lakini hii tumeitoa, Redio. Tunaiona si tofali.

— Ndani unaona?

Hakuna aliyekuwa anaona ndani. Mugeta alipiga ganda la mashine kwa ukucha mara mbili, akasikiliza.

— Na wala si ndani tu, aliendelea Jabiri, ambaye sasa alikuwa amepata moto. Hii pedi yake, hii ya kushika. Unaona katundu haka? Ni kinasa sauti. Ukiongea sebuleni, inasikia. Mjomba wangu Muharami, huko huko Bunda, mtoto wake alikuwa nayo. Siku moja Muharami akasema mbele yake, anataka kuuza kiwanja. Wiki haijaisha, madalali watatu mlangoni.

— Muharami anamwambiaga kila mtu kila kitu, alisema Hyasinta. Hata mimi habari za hicho kiwanja nilizipata Butiama, kwenye harusi.

— Nani alikupa?

— Mtu tu.

— Na huyo mtu alizitoa wapi?

Hyasinta alisimamisha cherehani, akafikiri, kisha akaendelea kushona. Jabiri akawatazama wenzake kama mtu aliyeshinda kesi.

— Tena kabla hujacheza inakuuliza tarehe ya kuzaliwa, alisema.

Hapo Masatu aliinua uso.

— Inauliza?

— Siku, mwezi, mwaka. Usipojaza haifunguki.

— Wanataka ya nini?

— Wewe ndiye Tarehe, sisi tukuulize wewe. Mtu aliye nje huko anataka tarehe ya mtoto wa mwenzake ya nini?

Neno hilo lilimwingia Masatu kuliko yote. Kwake tarehe hazikuwa kitu cha kugawa ovyo. Hata mtu wa ukoo akitaka kujua ya kwake, alikuja akakaa, akaeleza inakwenda kutumika wapi, ndipo akapewa. Na hapa kulikuwa na mashine inayoitisha tarehe ya Yusto kabla hata ya salamu.

— Mimi najua wanazitaka za nini, alisema Mugeta. Wanapiga hesabu. Yusto ana miaka mingapi?

— Kumi na mitatu na miezi minne.

— Sawasawa. Akicheza hii mpaka afike thelathini, atakuwa amebakiwa na vidole viwili vyenye nguvu. Gumba na gumba. Vingine vyote vimelala. Nani atavuta nyavu?

— Mzani!

— Nauliza, nani atavuta nyavu? Hakuna. Mialo yote ya wavuvi mitupu, kuanzia hapa mpaka Kisorya. Na hapo ndipo wanapokuja na meli zao.

— Kina nani?

— Hao waliotengeneza.

— Yaani wametengeneza gemu ili waje kuvua sato wa Musoma?

— Sangara. Sato watawaachia nyinyi.

Jabiri, ambaye kwa kawaida hakubali habari isiyotoka kwake, alitikisa kichwa kwa heshima. Hyasinta alikata uzi kwa meno.

— Mimi hayo ya meli siyajui, alisema. Mimi najua kiuno. Kila Januari wananiletea sare za shule. Zamani nilikuwaga nateremsha pindo, mtoto karefuka. Siku hizi naongeza ubavuni. Urefu ule ule! Watoto wanakwenda kwa upana.

— Hizo ni chipsi, alisema Masatu.

— Ni kukaa, Baba Yusto. Hata hizo chipsi wanazila wamekaa.

— Hiyo sasa imesimama, alisema Mugeta. Hiyo ina vipimo.

Jabiri alijaza vikombe tena. Birika lilianza kutoa machicha, na yeye alilitikisa, akasikiliza, akalirudisha kwenye jiko. Halafu akamwangalia Masatu kwa namna ambayo Masatu hakuipenda.

— Sasa nikuulize, bwana Tarehe, na usikasirike. Ule ujumbe uliandikwa na nani?

— Hilda.

— Si mtoto.

— Mtoto hana simu.

— Kwa hiyo hatujui mtoto kasema nini. Tunajua Hilda kasema mtoto kasema nini. Mimi nikimwangalia huyo shemeji yako naona kakutega. Ukinunua, atasema baba anamhonga mtoto. Usiponunua, atasema baba hajali. Mwisho wake mtoto anabaki Kisorya.

Masatu alikunywa kahawa iliyokuwa imeshapoa. Jambo hilo alikuwa amelifikiria tangu asubuhi, na kulisikia kwa sauti ya Jabiri kulilifanya liwe baya zaidi. Alikumbuka siku ya kuanua matanga, Hilda alipokuwa akifungasha nguo za Yusto. Alisema ni kwa muda, lakini alitia mpaka sweta. Ilikuwa Februari, miezi ya baridi bado iko mbali. Masatu aliiona ile sweta ikikunjwa, na hakuuliza.

— Usinunue, alisema Mugeta. Mtoto ni wa Kiriba. Baba yako amezikwa Kiriba, babu yako amezikwa Kiriba. Panda gari kesho, nenda Kisorya, mshike mkono, rudi naye. Gemu ya nini?

— Halafu akae siku nne?

Masatu aliuliza taratibu, bila ukali. Mugeta alishughulika na mzani, akauondoa kwenye kikapu, akaukunjia ndoano.

Hapo Sabiha akatokea ng'ambo ya barabara, anavuka haraka, mtandio wake bado umefungwa vizuri kwa ajili ya swala.

— Haya wazee, mmefikia wapi? Yule wa Bunda kanipigia. Yuko Makutano.

— Sabiha, alisema Jabiri, hizi gundi mbili ni za nini?

— Ya chini ya kiwandani, ya juu ya waliosafirisha. Boksi lisafiri mpaka Musoma na gundi moja?

— Ndivyo wanavyosemaga, Jabiri aliwanong'oneza wenzake.

— Baba Yusto, unachukua au huchukui?

Masatu aliitazama mashine. Ilikuwa nyeusi, safi, imelala kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa. Aliiona sebuleni kwake, na Yusto kwenye kochi, na begi likiwa mahali pengine, chumbani, juu ya kabati, popote pasipokuwa miguuni.

— Nachukua, alisema.

— Tarehe! Mugeta alipiga paja. Na mashavu yote haya!

— Nachukua.

— Mungu akubariki, alisema Sabiha. Basi niambie, nikuwekee gemu gani?

— Gemu si hii?

— Hiyo ni mashine tu, Baba Yusto. Haina kitu ndani. Gemu lazima nizishushe hapa dukani, kwenye intaneti yangu, ukisema ushushe nyumbani bando litakuumiza. Nakuwekea mbili, tatu, anazopenda. Yusto anachezaga gemu gani?

Masatu alifungua mdomo, kwa sababu alizoea kuulizwa mambo ya ukoo na kujibu.

— Anachezaga mpira huyo, Jabiri alimsaidia. Watoto wote ni mpira.

— Yusto? Hyasinta alisema. Sijawahi kumwona na mpira. Labda magari.

— Kupigana, alisema Mugeta. Umri wake ule ni kupigana.

— Hebu mwacheni baba yake ajibu, alisema Sabiha. Anapenda nini?

Masatu alijua kwamba Yusto alizaliwa Jumanne, alfajiri, akiwa na kilo tatu na gramu mia. Alijua jino la kwanza lilitoka lini, na nani alikuwa wa kwanza kuliona. Alijua siku aliyobatizwa, jina la padri, na kwamba mvua ilinyesha wakati wa kurudi. Alijua alama ya kovu chini ya goti la kushoto na mwaka wake. Alipekua huko kote kama mtu anayepekua sanduku analolijua, na hakukuta kitu.

— Sijui, alisema.

Watu wa benchi hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo kutoka kwake.

— Si umpigie, alisema Sabiha.

Masatu alipiga simu ya Hilda. Jabiri, kabla hajakatazwa, alinyoosha kidole akabonyeza spika.

— Shemeji? ilikuja sauti ya Hilda, ya wasiwasi. Kuna nini?

— Salama tu. Naomba niongee na Yusto.

— Kuna nini, shemeji?

— Hakuna. Nimsikie tu.

Zilisikika ndala zikiburuzwa, mlango, kisha Hilda akisema kwa chini, "Baba yako." Simu ikabadilisha mkono.

— Shikamoo baba. Nani amekufa?

Cherehani ilisimama. Katika miaka miwili Masatu alikuwa amepiga simu Kisorya kumtafuta Yusto mara tatu. Alizikumbuka zote: bibi Wankyo, baba mkubwa wa Kiriba, na mama Selestina aliyekuwa jirani yao. Kila mara Hilda alimpa mtoto simu, mtoto akatajiwa jina na siku ya maziko, na simu ikakatwa. Ndiyo kazi yake katika ukoo, kuwajulisha watu.

— Marahaba. Hakuna aliyekufa.

— Kweli?

— Kweli, Yusto. Nilitaka kukuuliza. Unachezaga gemu gani?

— Aunt amekuambia nini? Yusto aliuliza.

— Hajaniambia kitu.

— Sasa kwa nini unauliza?

Masatu aliangalia benchi. Jabiri alikuwa ameinamia birika, analimimina, na halikutoka hata tone. Mugeta alikuwa anafuta mzani ambao haukuwa na uchafu. Masatu alizima spika, akainuka, akatembea mpaka mwisho wa baraza, penye milango iliyofungwa ya duka la vitambaa.

— Nauliza kwa sababu sijui, alisema.

Alisikia mlango mwingine ukifungwa kule Kisorya, kisha upepo na kuku. Mtoto alikuwa ametoka nje.

— Utanicheka.

— Sikucheki.

— Ni ya kulima. Gody anasema ni ya watoto wadogo. Nachezaga kwenye simu ya Aunt akiwa anapika. Ile ya kwenye TV ni ya Gody na marafiki zake. Mimi hukaa tu, naangalia.

Hiace iliegesha mbele ya duka la Sabiha na mtu mmoja mnene akashuka, anajinyoosha mgongo.

— Baba Yusto! Sabiha aliita. Mtu wa Bunda huyu! Nifanyeje?

Masatu alimpungia mkono kwamba ampe mtu huyo. Sabiha alisita, akamtazama tena kuhakikisha, kisha akainua kikapu chote akavuka nacho barabara.

— Kikapu changu! Hyasinta alipiga kelele.

— Nilisema! Mugeta alisimama kabisa. Nilisema ni nyepesi!

— Gundi! alisema Jabiri. Ni ile gundi!

Masatu aliziba sikio moja kwa kiganja na kugeukia ukuta.

— Humo unalimaga nini?

— Mahindi. Nyanya. Maboga. Na kuna ng'ombe, ninao wawili.

— Mihogo je?

— Mihogo hakuna.

— Hakuna kabisa?

— Hakuna, baba.

— Shamba gani hilo lisilo na mihogo? Hao waliotengeneza wanakula nini?

Yusto alicheka kwa pua, kidogo, kama mtu ambaye hakukusudia.

— Hata mimi nilijiulizaga, alisema. Nikija tutaitafuta wote. Labda ipo, wameificha.